Makato ya Mfanyakazi Si Mtaji wa Mwajiri

Kwa Tanzania Bara, sheria inamtaka mwajiri wa sekta binafsi apeleke NSSF asilimia 20 ya mshahara, na asimkate mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Wapo wanaokata bila kukosa, kisha wakazizungusha fedha hizo dukani. Wanadai biashara ni ngumu. Tangu lini amana ya mtu ikawa mtaji? Anayedhulumiwa ni mzee wa miaka 60 anayeambiwa michango yake haikutimia miezi 180, akakosa pensheni ya kila mwezi, akaishia kupewa mkupuo mmoja. Wala tusiwanyooshee kidole wenye viwanda pekee: taasisi zetu zenye shule na zahanati nazo ziwaoneshe walimu na wauguzi wao risiti za michango, mwezi huu huu.