“Ng’oa Tu” Si Dawa ya Jino

Mtaani dawa ya jino linalouma ni moja: ng’oa. Unameza tembe za maumivu wiki mbili, shavu linafura, kisha unaenda na pesa kidogo unatoka na pamba mdomoni. Kutibu mzizi ni doo mob, na jino la nyuma nani ataliona?

Mimi naona hiyo hesabu ni mbovu. Pengo halikai hivyo hivyo. Meno ya kando huanza kuliinamia, la juu linashuka kwa kukosa la kukutana nalo, na mfupa wa taya huisha polepole. Mtu mzima ana meno 32, na Shirika la Afya Duniani huchukulia 20 kuwa kiwango cha chini cha kutafuna vizuri bila meno bandia. Akiba yako si kubwa vile, msee.

Akiba ikiisha, githeri, mahindi choma na karoti unaviruka. Unabaki na chai na mandazi ya kuloweka, yaani wanga na sukari, vile vile vilivyoharibu meno. Na ufizi ukitoa damu usiseme ni mswaki mgumu. Ugonjwa wa ufizi na kisukari huchocheana.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kunyamaza. Kuna makanga namjua, ajali ya bodaboda ilimtoa meno mawili ya mbele. (Helmeti isiyofunika kidevu haikingi mdomo, mjue.) Jamaa alikuwa anajaza gari kwa maneno matupu. Siku hizi anagonga bodi tu, akicheka anafunika mdomo kwa mkono. “F” na “s” zinampiga chenga, hata sauti za WhatsApp ameacha kutuma. Ukimuuliza, atakwambia yuko fiti. Fiti gani hiyo?

Halafu bima nyingi huweka meno kando kama anasa, na wengi wetu wa vibarua hata hiyo bima hatuna. Sawa. Lakini simu tunalipia kila siku, mwaka mzima, bila kulia. Shimo dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Likifika mzizini ndipo bei inapaa. Kwa hivyo ukikalia kile kiti, kabla hujapanua mdomo uliza: hili linaweza kuokolewa? Ni ngapi? Naweza kulipa pole pole?

Ukiambiwa haliwezi, basi ling’olewe. Ila uliza kwanza.