Mgeni, Mzigo na Mji



Juma lililopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu, ameshika kipande cha karatasi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu." Binti yake aliyeolewa Dar es Salaam amejifungua, na mzee pamoja na mama wataka kwenda kumwona mjukuu. Alinijia nimwandikie vizuri jina la mtaa na namba ya simu ya mkwewe. Nilipomaliza kuandika hakuondoka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, safari yenyewe siiogopi. Naogopa pale pa kushuka. Tutakuwa na mizigo, na mji hatuujui."

Neno lile lilinichoma, kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Nilimsimulia, na leo nawasimulia ninyi, maana kila baada ya mavuno wengi wetu hufunga mizigo kwenda kuwatazama watoto au kutafuta matibabu.

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa Novemba. Dada yangu mkubwa alikuwa na mtoto wa miaka 6 aliyeugua jicho. Daktari wa wilaya aliandika barua ya rufaa, mtoto apelekwe hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Shemeji alikuwa mbali kwa kazi, basi nikaombwa mimi niwasindikize, kwa kuwa nimesoma. Na kweli, nami nilijiona nimesoma.

Mnajua desturi yetu: haifai kwenda kwa ndugu mikono mitupu. Tulichukua kiroba cha mchele, ndoo ya karanga, tenga lenye kuku 2, begi kubwa la nguo, lile waliitalo shangazi kaja, na kibegi cha dada chenye barua ya rufaa, kadi ya mtoto na fedha tulizochangiwa na ukoo. Mizigo 5, watu wazima 2, na mtoto wa kushikwa mkono. Hesabu hiyo hatukuipiga nyumbani. Tena nikatoa shauri ninalolijutia hata leo. Nikamwambia dada, "Kibegi kidogo huanguka kwa urahisi. Kitie ndani ya begi kubwa, kitakuwa salama." Akanisikiliza, kwa kuwa mwalimu nimesema.

Basi lilitushusha saa 10 alfajiri kando ya barabara, giza bado. Tulikuwa tungali tunanyosha miguu alipokuja kijana mmoja nadhifu. Akamwinamia dada kwa adabu: "Shikamoo mama. Poleni na safari. Mtoto amechoka huyu, lete nikubebee mpaka kwenye bajaji yangu." Shikamoo ile, ndugu zangu, ilitulegeza. Dada akasema, "Marahaba mwanangu," na mkono wake ukaliachia begi. Nilitaka kuuliza: wewe ni nani, na hiyo bajaji iko wapi? Lakini niliona haya. Nilidhani nikiuliza nitaonekana mshamba. Mara kamba ya tenga ikakatika, jogoo akaruka barabarani, nami nikamkimbilia. Nilipogeuka, jogoo nilikuwa naye mkononi, na begi halikuwapo.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi kando ya njia alituita, akatupa benchi lake, akampa mtoto chai bila malipo. Hakutucheka. Alisema tu: "Mdogo wangu, hapa mjini mwulize mtu uliyemchagua wewe. Yule anayekuchagua yeye, mwogope."

Barua haikuonekana tena. Ilitubidi kupiga simu nyumbani, daktari aandike nyingine, nayo iletwe kwa basi. Kwa siku 4 mtoto alilala akilia kwa maumivu chumbani kwa ndugu zetu, kabla hajatazamwa na daktari wa macho. Jicho lilipona, ashukuriwe Mungu. Lakini siku zile 4 ni deni langu kwa mtoto yule, wala si deni la mwizi peke yake. Haya yangu ndiyo iliyofungua mlango.

Basi nataka niwape yale niliyojifunza, kwa mpango.

Kwanza, piga hesabu ya mikono yako ungali nyumbani. Funga mizigo yote, uinyanyue, utembee nayo mwenyewe kutoka mlangoni mpaka kisimani bila kupumzika. Kama umeshindwa kisimani, utashindwa zaidi stendi. Kinachozidi usikibebe, kitume. Mabasi mengi ya mikoani hupokea vifurushi vya kutumwa. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya kiroba kwa wino usiofutika, udai risiti, naye ndugu yako atakwenda kukichukua. Mizigo inayoingia katika buti la basi nayo idaiwe risiti au kibandiko chenye namba, na kila basi linaposimama njiani, shuka au chungulia dirishani uone kinachoshushwa.

Pili, vitu usivyoweza kuishi bila hivyo vikae mwilini mwako, visikae katika mzigo wowote. Barua ya hospitali, kitambulisho, kadi na fedha ni vya kufungwa kibindoni, au kutiwa katika mfuko wa ndani ulioshonwa na wenye kifungo. Toa nakala ya barua, uiache nyumbani kwa mtu mwenye simu. Fedha zigawe mafungu: kubwa lifichwe, dogo la nauli likae karibu, ili usifungue kibindo mbele ya watu. Na namba za simu za ndugu ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikiibiwa hukwenda na namba zote.

Tatu, jua utashuka wapi na saa ngapi. Wazee wengi bado husema, "Nitashuka Ubungo." Mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ni ile ya Magufuli, iliyopo Mbezi Luis kando ya Barabara ya Morogoro, na kutoka hapo mpaka katikati ya mji ni zaidi ya kilomita 20. Ndugu anayekaa Mbagala au Kigamboni ana safari ndefu kukufuata, basi apewe habari mapema. Basi jingine huendelea mpaka ofisi yake mjini. Uliza siku ya kukata tiketi. Watu wa Dodoma na Morogoro wanaokuja kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, wao hushukia katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani.

Tena, mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri usiku, baada ya kukatazwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo siku hizi wageni wengi hufika kabla ya kupambazuka. Ukifika usiku, shuka ndani ya stendi, usikubali kushushwa njiani. Kaa penye taa na watu, mizigo katikati, ninyi mkiizunguka, mpaka kuche. Saa 2 za kukaa kwenye benchi si hasara.

Nne, ukitaka kuuliza, chagua mwenyewe wa kumwuliza. Huu ndio moyo wa mazungumzo yetu ya leo. Askari, mtumishi aliyekaa katika dirisha la tiketi, mwenye duka, mama lishe mwenye sufuria zake: hao wana mahali pao, na kesho utawakuta palepale. Anayekukimbilia mlangoni mwa basi hana mahali. Huenda ni mtu mwema anayetafuta riziki, maana wapo wabeba mizigo waaminifu sana. Lakini wewe huwezi kumtambua kwa macho, wala kwa shikamoo yake. Mjibu salamu kwa adabu, "Marahaba mwanangu, ahsante, nangoja mwenyeji wangu," huku mkono wako ukibaki juu ya mzigo. Ukihitaji mbebaji kweli, mwombe mtumishi wa stendi akuonyeshe mmoja, mpatane malipo kwanza, kisha utembee nyuma yake hatua moja, usimtangulie.

Tano, daladala. Kila moja imeandikwa mbele mwanzo na mwisho wa njia yake, na ubavuni ina mstari wa rangi ya njia hiyo. Usipande kwa kusikia sauti ya mpiga debe tu. Soma mwenyewe, au mwombe mwenye macho makali akusomee. Asubuhi tangu saa 12 hadi saa 3, na jioni tangu saa 10 hadi usiku uingie, watu hugombea milango. Mwenye kiroba hapati nafasi, na akiipata huumiza wenzake. Ngoja. Mzigo ukiwa mkubwa, patana na konda kabla ya kupanda, maana aweza kukudai nauli yake. Begi dogo liwe kifuani, si mgongoni. Mwambie konda kituo chako, kisha mwambie pia abiria uliyekaa naye, kwa kuwa konda ana mengi ya kukumbuka. Ukikaribia, sema kwa sauti, "Shusha!" wala usione haya. Na simu usiitoe dirishani. Huporwa gari likiwa kwenye foleni.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana njia yake peke yake, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Yanafaa kwa mwenye begi moja. Kwa mwenye tenga na ndoo hayafai, maana watu husimama wamebanana. Uliza kwanza siku hiyo kama yanafika unakokwenda.

Sita, bajaji na bodaboda. Mwenye mtoto na mizigo asipande pikipiki, hata kama ni nafuu. Mzigo huyumbisha, na mtoto hana pa kushika. Bajaji ni afadhali. Patana nauli mzigo ukiwa bado chini. Mkiwa 2, mmoja aingie kwanza apokee mizigo, mwingine aingie mwisho. Ukiwa peke yako, ingia pamoja na mzigo wako. Na mfikapo, mizigo ishuke yote, uihesabu, ndipo ulipe. Kanuni ni hii: mtu na mzigo wake wasiachane hata kwa hatua 3.

Saba, ukiibiwa, usikimbize mwizi ukamwacha mtoto na mizigo iliyobaki. Piga kelele, kisha kaa pamoja na wako. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 112. Kama simu imechukuliwa, azima nyingine upesi, laini yako ifungwe pamoja na fedha zilizomo. Kama ni barua ya hospitali, piga simu kwa aliyebaki na nakala. Sisi tungalikuwa na nakala, tungalipoteza saa chache tu, si siku 4.

Sasa neno moja kwa watoto wetu mlioko mjini. Ninyi ndio mnaosema kwenye simu, "Mama, usisahau unga wa muhogo, na karanga, na kuku wa kienyeji." Mama hasahau. Huvibeba vyote kwa mapenzi, na mgongo wake wauma. Basi siku ya kufika kwake, usimwambie, "Chukua bajaji, kila mtu anapajua." Mama hapajui. Ukipenda kuku wake, nenda ukampokee stendi. Ukiwa kazini, tuma mtu, umwambie mama jina lake na nguo aliyovaa, ili mama ndiye amtambue.

Wala msidhani nasema mji umejaa wezi. Alfajiri ile alikuwapo mwizi mmoja, na alikuwapo mwenye chai mmoja. Tofauti ni kwamba mwizi alitufuata, na mwenye chai alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, kiasi cha hatua 10 tu. Kama ningalimwendea yeye kwanza, nikasema bila haya, "Mama, sisi ni wageni, tufanyeje?" hadithi hii isingalikuwapo. Kuuliza si ujinga. Mimi nilifundishwa hivyo chuoni, nikawafundisha watoto darasani, na siku nilipolihitaji neno hilo nikaliacha nyumbani.

Mzee wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa ile karatasi ya anwani, akaomba nimwandikie ya pili, akisema, "Moja yangu, moja ya mama." Nikaona amenielewa vema. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza, "Na jogoo je, mwalimu?"

Nikamjibu, "Mzee, jogoo abaki. Mjukuu atamkuta hapa akija kuwasalimu."

Akacheka, akaenda zake. Kwa herini, mpaka juma lijalo.