SHERIA NA WEWE: Jiji Lashindwa Mahakamani

Ndugu msomaji, je, halmashauri inaweza kushtakiwa? Ndiyo, inaweza.

Zamani Jiji la Dar es Salaam lilitupa takataka Tabata, karibu na nyumba za watu. Takataka zilichomwa. Moshi, inzi na harufu mbaya viliwasumbua wakazi. Mwaka 1988 walilishtaki Jiji. Mahakama ililiamuru liache. Lakini Jiji liliomba muda zaidi, tena na tena.

Mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa. Katiba, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Halmashauri haina ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu.

Jiji likapeleka takataka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao walishtaki, wakashinda.

Sisi wa Kilimanjaro tunayo Mahakama Kuu hapa Moshi mjini. Mkipatwa na jambo kama hili, lizungumzeni kwanza katika mkutano wa kijiji. Iandikieni halmashauri barua. Wekeni nakala yake. Isiposikia, sheria ya sasa inataka mtoe taarifa ya siku 90 kabla ya kushtaki. Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye huunganishwa katika kesi.

Watu wa Tabata walisimama pamoja. Nanyi simameni pamoja.