Utamu wa Soda Utoke Mashambani Mwetu

Mtu anywaye soda Dakawa anaweza kuyafikia mashamba ya miwa kwa safari fupi tu. Walakini, kwa miaka mingi sukari iliyomo ndani ya chupa yake imekuwa ikivuka bahari. Jambo hili lapasa kumhuzunisha kila mfanyakazi na kila mkulima.

Sababu yake yajulikana. Viwanda vyetu vya zamani, kama Mtibwa na Kilombero, vimezoea kutengeneza sukari ya kahawia, ile ya chai. Watengenezaji wa soda wataka sukari nyeupe kabisa, iliyoyeyushwa mara ya pili, ikachujwa rangi na uchafu, kisha ikagandishwa upya. Hiyo tumeiagiza kwa fedha za kigeni na kuitoza ushuru nafuu. Na wajanja wakapata mwanya wa kuipenyeza madukani, wakamwumiza mlima miwa wa hapa nyumbani.

Tazameni Marekani. Katika mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi za huko ziliamua kuacha sukari katika soda zao na kutia shira ya mahindi. Serikali yao ilikuwa imeibana sukari ya kigeni hata bei ikapanda, na mahindi yao yalikuwa tele. Julai 2025 Coca-Cola ilitangaza kwamba itauza huko pia soda ya sukari ya miwa, na watu wakabishana ipi bora. Kwa afya tofauti ni ndogo: azidishaye ataumia kwa yote mawili. Somo kwetu ni kwamba wenzetu walikoleza soda yao kwa zao la wakulima wao.

Nasi nafasi tunayo. Huko Mbigiri, karibu na Dakawa, kiwanda cha Mkulazi kilizinduliwa Agosti 2024. Ni mali ya NSSF pamoja na Jeshi la Magereza. Na NSSF ni nini kama si akiba ya wafanyakazi? Dereva wa lori la soda anayekatwa mshahara kila mwezi ana sehemu yake katika mitambo ile.

Kwa hiyo twasema wazi. Usafishaji wa sukari ya viwandani usiachwe nyuma katika mipango ya viwanda vyetu. Wakulima wa nje wapimiwe kwa haki na kulipwe kwa wakati, kwani mua uliokatwa haungoji; ukilala juani siku chache utamu hupungua, na hasara humwangukia mkulima. Nao wenye viwanda vya soda wafunge mikataba ya miaka, wanunue kwanza sukari ya nyumbani ifikiapo ubora wanaoutaka.

Wako watakaosema kwamba ya nje ni rahisi. Huenda ikawa hivyo leo. Lakini meli ikichelewa, au bei ya dunia ikipanda, urahisi huo hugeuka ghali, na hapo hatutakuwa na kiwanda cha kukimbilia. Tujenge sasa, wakati miwa ipo shambani na akiba yetu imekwisha kuwekwa.