Hendeli ya Land Rover na Somo la Fizikia

Katika nyanda za juu za Mbulu, na hasa pande za Tlawi, ambako ziwa dogo limezungukwa na mashamba ya mahindi na maharage, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Gari la zamani lililolala nje usiku kucha haliwaki kwa urahisi. Oili imekuwa nzito mfano wa uji uliopoa. Betri imepungukiwa na nguvu, maana mabadiliko ya kikemia ndani yake huenda polepole kadiri halijoto inavyoshuka. Na petroli haigeuki mvuke kama inavyostahili. Dereva akiwasha husikia mlio mmoja tu, kisha kimya. Hapo ndipo mwenye Land Rover ya zamani alipokuwa akichukua chuma kilichopindwa mara mbili, akakipenyeza katika tundu la bampa la mbele, akaizungusha injini kwa mkono wake.

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo magari hayo yaliwafikisha mabwana shamba, waganga na wakaguzi wa shule mahali ambapo gari jingine lilikwama. Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover mjini Arusha, na magari hayo yakakusanyika kwa mamia. Watu walifurahi na kupiga picha nyingi. Nami nafurahia mambo hayo, lakini naona kwamba tunalienzi bati na kuisahau elimu iliyokuwa chini yake. Rai yangu katika makala haya ni kwamba injini inayozungushwa kwa hendeli ni chombo cha maabara kilicho bora kuliko vingi tunavyoviagiza kwa fedha za kigeni, na kwamba tunaziuza injini hizo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hazijatufundisha chochote.

Tuanze na kazi, kwa maana ya kifizikia. Injini ya petroli ya Land Rover iliyotumika sana katika miaka ya 1960 na 1970 ina silinda nne zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 2,286, na katika nyingi uwiano wa mgandamizo ni 7 kwa 1. Katika kila nusu mzunguko wa hendeli, silinda moja hugandamiza hewa yake. Tukichukulia kwamba joto halitoroki na hewa haivuji, kazi ya mgandamizo mmoja kwenye usawa wa bahari ni takriban jouli 140. Tlawi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa huo, na kanieneo ya hewa huko ni kama nne ya tano ya ile ya Tanga; kwa hiyo kazi hushuka hadi jouli 115 hivi. Mwanafunzi akiambiwa "jouli 115" hufumba macho. Aambiwe basi kwamba ni sawa na kuinua ndoo ya maji ya lita 20 kwa karibu sentimita 60, jambo ambalo amelifanya tangu utotoni. Hendeli yenye mkono wa sentimita 20 husafiri sentimita 63 katika nusu mzunguko, na wastani wa kani inayotakiwa unakaribia sana uzito wa ndoo hiyo hiyo, kabla ya kuongeza msuguano na mnato wa oili.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Hewa nyepesi ya Mbulu humsaidia mwenye hendeli, kisha humwadhibu akishawasha, kwani injini inayovuta hewa pungufu huchoma petroli pungufu na kutoa nguvu pungufu. Dereva aliyepandisha mlima Magara akiwa na shehena ya mahindi analifahamu jambo hili bila kusoma kanuni yoyote ya gesi.

Lakini somo kubwa zaidi liko katika hatari yake. Cheche haipigwi pistoni ikiwa juu kabisa. Katika mwendo wa kawaida hupigwa mapema kidogo, kwa kuwa moto nao huhitaji muda wa kuenea. Injini inapozunguka polepole muda huo ni mwingi mno, na cheche yapaswa kuchelewa. Ndani ya distribyuta mna vyuma viwili vidogo vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka, navyo ndivyo vinavyoiwahisha cheche. Fundi akikosea kupanga taimingi, moto hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, huirudisha chini, na hendeli hurudi kinyume kwa kishindo. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliona mvunjiko wa mfupa karibu na kifundo cha mkono mara nyingi kiasi cha kuupa jina la madereva. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na mikono mingi ikasalimika.

Wazee waliotumia hendeli waliwafundisha vijana mambo mawili: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, na hendeli ivutwe kutoka chini kwenda juu, isisukumwe kutoka juu kwenda chini. Waliyasema kama miiko, nayo yakashikwa kama miiko. Sababu zake ni za kimekanika kabisa: hendeli ikirudi nyuma, mkono unaovuta hufunguka na kuiachia, ilhali mkono unaosukuma huwa umebeba uzito wa mwili mzima na hauna pa kukimbilia. Mwalimu anayetafuta mfano wa kani na mwelekeo wake hana haja ya kwenda mbali.

Kuna dhana moja iliyoenea ambayo napenda kuisahihisha. Watu husema kwamba hendeli huwasha gari lisilo na betri. Kwa Land Rover hizi si kweli. Cheche yake hutokana na koili, na koili huhitaji ampea tatu au nne hivi kutoka kwenye betri. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na asubuhi ya baridi zaidi sana ya hapo. Hivyo betri iliyochoka, isiyoweza kuizungusha stata, bado yaweza kulisha koili, na hendeli hufanya kazi iliyobaki. Betri iliyokufa kabisa haina msaada. Dainamo nayo, kwa mzunguko wa polepole wa mkono, haitoi umeme wa kutosha. Leo katika kila kijiji kuna bodaboda, na betri yake ndogo ya volti 12 yatosha kuilisha koili ya Land Rover ingawa haiwezi hata kuitikisa stata. Naomba walimu wawaulize wanafunzi wa kidato cha nne ni kwa nini iwe hivyo. Majibu yatawaonyesha nani ameelewa tofauti ya volti na ampea, na nani amekariri.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba huu ni ufundi uliopitwa na wakati, na kwamba vijana wafundishwe kompyuta. Sina ugomvi na injini za kisasa. Mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta hupunguza matumizi ya petroli na moshi, nami mwenyewe huendesha gari la namna hiyo. Hata hivyo, si kweli kwamba hendeli imekwisha nchini. Nendeni kwenye mashine ya kusaga. Injini nyingi za dizeli zenye silinda moja zinazosaga mahindi yetu bado huwashwa kwa hendeli, na uwiano wake wa mgandamizo huzidi 15 kwa 1. Hakuna mkono wa mtu utakaoushinda mgandamizo huo kwa nguvu tupu. Kwa hiyo kijana wa mashine huinua kwanza kiwiko kinachoiacha vali wazi, huzungusha mpaka gurudumu zito la injini lishike kasi, kisha hukiachia ghafla. Nishati ya mwendo iliyowekwa katika gurudumu, ambayo huongezeka mara nne kasi ikiongezeka mara mbili, ndiyo inayoukata mgandamizo wa kwanza. Kijana huyo anaijua kanuni hiyo mikononi mwake, naye pengine alifeli fizikia. Anajua pia kwamba hendeli isiyochomoka injini ikiwaka ni balaa, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba hatari hiyo ingepungua kwa kusafisha na kupaka grisi ncha ya shafti.

Ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamivu, injini kuukuu iliyokatwa ubavu iliwekwa kwenye ukumbi wa idara, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliruhusiwa kuizungusha watakavyo. Ilikuwa chuma chakavu. Kwetu mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na shule zinatafuta vifaa. Wakati huo huo, nyuma ya ofisi nyingi za umma, magari yaliyokufa husubiri mnada. Sioni kwa nini kila wilaya isitenge injini moja kabla ya mnada huo, ikafungwa imara juu ya fremu ya chuma katika shule mojawapo, bila petroli na bila koili, ili isiweze kuwaka wala kumvunja mtu mkono.

Zoezi la kwanza laweza kuwa hili. Toeni plagi zote nne, fungeni mizani ya springi kwenye mkono wa hendeli, na mpime kani ya msuguano peke yake. Rudisheni plagi moja, mzungushe taratibu kwa mwendo ulio sawa, mpime tena kila baada ya nyuzi 15, kisha mtoe kipimo cha kwanza katika cha pili na kuchora grafu. Shule ya Tlawi iandikiane na shule ya Tanga yenye injini ya aina ile ile. Tofauti ya moja ya tano ikionekana, vyema. Isipoonekana, wakaguane uchakavu wa ringi za pistoni, wapime upya, na kuandikiana tena.