Bandari au Mlango?

Wapo wanaoiita 'bandari' ile njia yenye nambari ambayo mawasiliano hupitia kuingia kwenye seva. Istilahi hiyo humpeleka mwanafunzi Mombasa bure. Neno faafu ni 'mlango'. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumiwa na AMPATH mjini Eldoret mwaka wa 2006, aghalabu hufikiwa kupitia mlango nambari 8080. Ukuta wa kinga ukiufunga, daktari haioni rekodi ilhali seva ya Linux i hai. Fundi mwenye papara huubomoa ukuta mzima, siri za wagonjwa zikabaki wazi. Aliyeielewa istilahi huthibitisha kwanza kwamba programu inasikiliza mlangoni, kisha huufungua mlango huo mmoja, tena kwa wanaostahili tu. Istilahi, basi, si pambo.