Yai la Mnada

Birmingham, 30 Julai 2020

Wapendwa wangu wa Ndundu,

Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi majirani zetu wa msikitini, ambao najua mtasomewa barua hii barazani, asalaam aleykum.

Poleni kwa msiba wa Mzee Mkapa, rais wetu wa zamani. Jana nilimtazama kwenye simu akizikwa Lupaso, nikalikumbuka daraja lenye jina lake hapo kwetu. Wadogo wanaolivuka leo kwa bodaboda hawajui pantoni. Kabla ya mwaka 2003, mwinjilisti akichelewa kuvuka, ibada ilimngoja. Tuliimba mpaka afike, suruali imelowa hadi magotini.

Mimi ni mzima, ila tangu Machi sitoki kwa sababu ya corona, maana nina pumu. Ruhusa ya kutoka ni keshokutwa. Makanisa ya huku yamefunguliwa tena kwa ibada tarehe 4 mwezi huu, lakini waumini hawaruhusiwi kuimba wala kupeana mikono. Ibada naipata kwenye simu, na Neno nalisikia vizuri. Miezi hii minne imenifundisha kwamba si mahubiri niliyokuwa nikiyakosa.

Ninachokikosa ni kule kutoka nje baada ya ibada ya huko kwetu. Wimbo wa mwisho unaanza, mwinjilisti anatangulia hadi chini ya mwembe. Wa pili anampa mkono, anasimama kando yake. Wa tatu anawapa mikono wote wawili, naye anasimama. Hivyo hivyo duara linakua, hadi wa mwisho atoke akiwa amemshika kila mtu mkono. Hakuna kumruka mwenzako, hata kama juzi mbuzi wake aliingia kwenye mpunga wako. Mkono wa mzee wa kanisa ulikuwa mkavu, wenye sugu za kasia. Mkono wa mama wa kwaya ulinuka kitunguu, maana alikuwa amebandika mboga kabla ya kuja. Watoto walinyoosha wa kushoto, wakarekebishwa.

Tulikuwa wachache, hatufiki arobaini, katikati ya majirani Waislamu. Basi asiyekuja alionekana, na kabla ya saa nane mtu alikuwa kwake anapiga hodi: mbona hatukukuona? Huku nikizima simu katikati ya sala, hakuna ajuaye.

Halafu mnada wa sadaka. Kuku mmoja aliyefungwa miguu, kifungu cha miwa, nazi mbili, sahani ya mayai. Nakumbuka yai moja lililoletwa na bibi mjane, amelifunga kwenye pindo la khanga. Lilinunuliwa shilingi mia mbili, likarudishwa mezani. Likanunuliwa mia tano, likarudishwa tena. Lilipofika elfu mbili, mnunuzi alimpelekea yule yule bibi, akampa kwa mikono miwili. Bibi akalifunga tena kwenye pindo lake, kanisa zima likapiga vigelegele. Mtu wa mbali angesema tunacheza na hesabu. Mimi naona ndipo nilipojifunza sadaka, kuliko darasa lolote la kipaimara.

Tukirudi nyumbani, bibi jirani, ambaye ni wa msikitini, alikuwa ameshapunguza kuni chini ya chungu chetu ili wali usiungue. Hakuwahi kuombwa. Nasi siku ya Idi tulimchotea maji tangu alfajiri. Naomba mtu amfikishie salamu zangu kwa mkono, si kwa simu.

Nimesikia huko makanisa hayakufungwa, ila mlangoni kuna ndoo na sabuni, na mnasalimiana kwa kuweka kiganja kifuani. Fanyeni hivyo, wazee wetu wakingwe. Lakini duara msiliache. Simameni mbali mbali, hata likifika barabarani, kila mmoja amwone mwenzake usoni kabla ya kwenda zake.

Na hili ndilo ombi langu. Nimetuma shilingi elfu tano kwa mweka hazina wa mtaa. Jumapili hii mninunulie yai, moja tu, kisha mlirudishe mezani. Likipata mnunuzi wa pili, naye akilirudisha, niandikieni ni nani, na lilikomea kwa nani.

Mtoto wenu wa Ndundu